Vyungu 27, gari dogo na dakika 105 za kuegesha

Wifi yangu alinipigia simu siku ya nne baada ya kuhama. Salamu aliiruka. "Wifi, maua yangu yanakufa," akasema, "na wallahi niliendesha kama nimebeba mayai."

"Mwendo gani?"

"Sitini. Malori yalikuwa yananipita yakipiga honi."

Kesho yake nikapanda basi, nikiwa na daftari, mkasi na kipimajoto cha jikoni. Wiki aliyohama sikuwepo, na mimi ndiye ninayelea mimea katika familia yetu, kwa hiyo nilijiona nina deni. Kisa nakiandika kwa ruhusa yake, kwa masharti matatu: nisitaje jina lake, nisitaje mji, na nisiseme alilia. Basi.

Hesabu ya abiria

Vyombo vya nyumba vilipakiwa kwenye lori la kukodi, na wenye lori walikataa mimea. Sikuwalaumu. Lori la vyombo halina mwanga wala hewa, na chungu kikipinduka juu ya godoro hakuna anayetaka kulipa. Mimea ikabaki kwa gari lake mwenyewe, gari dogo la kawaida lenye buti nyuma na kibao kile cha chini ya kioo cha nyuma ambapo watu huweka boksi la tishu.

Vyungu vilikuwa 27: mbenjamini mmoja, yaani mti wa ndani wenye urefu wa mita moja na nusu na kitu, monstera moja, sansevieria tano, saintpaulia nne (maua madogo ya kivulini), kangaga mbili, kakati nne (zile za miiba), mnyaa mmoja, okidi mbili zenye maua, potosi tatu, zamiokulkasi mbili na mishubiri miwili. Vyungu vingine tisa vilikosa nafasi, akaviacha kwangu. Hivyo tisa vitarudi mwishoni.

Niseme wazi kwamba hakuwa mzembe. Alivipanga vyungu vidogo ndani ya maboksi, akajaza magazeti yaliyokunjwakunjwa katikati ili visigongane. Alifunika udongo wa kila chungu kwa gazeti na kuubana kwa utepe wa gundi. Kuna watu wengi wanaodai kupenda maua na hawafanyi hata hayo.

Siku ya safari aliamka mapema, akamwagilia kila chungu mpaka maji yakatoka chini, "ili yasione kiu njiani". Akapakia. Akaondoka saa nne na robo asubuhi. Umbali ni kilomita 210. Alifika saa tisa na nusu alasiri, akavishusha vyote barazani penye jua, akalala hoi. Siku ya pili akahamisha baadhi kwenye vyungu vipya alivyonunua kwa ajili ya nyumba mpya.

Nilipofika mimi, saintpaulia tatu zilikuwa zimelala kama mchicha uliochemshwa. Kangaga moja ilikuwa ya kahawia nusu nzima. Mbenjamini ulikuwa umevunjika ncha na umeanza kudondosha majani. Monstera ilikuwa imepoteza majani mawili makubwa, okidi zilikuwa zinaangusha machipukizi ya maua, chungu kimoja cha sansevieria kilikuwa vigae. Kakati zilionekana nzima kabisa. Kakati ni waongo, na hili tutalifikia.

Kitu ambacho hakukitaja

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 210 ni saa tatu na nusu. Kutoka saa nne na robo, alipaswa kufika saa nane kasoro robo. Alifika saa tisa na nusu. Nikamuuliza saa moja na dakika arobaini na tano zilikwenda wapi.

"Aa, nilisimama nikala. Halafu mwenye funguo akasema amechelewa, nikamsubiri palepale. Lakini niliegesha kivulini, wifi! Na vioo niliviacha wazi kidogo."

Alisema kweli. Alikuwa hata na picha kwenye simu, aliyowapigia watoto wake kuwaonyesha gari lilivyojaa msitu. Picha ya kwanza imepigwa saa saba kasoro dakika kumi na gari liko chini ya mti. Ya pili imepigwa saa nane na dakika tano. Mti upo, gari lipo, kivuli kimehama kimekaa upande wa pili, na jua linapiga moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma. Kivuli si kituo cha kuegesha. Baada ya nusu saa kinaweza kuwa kwa jirani.

Watu hukisia joto la gari lililofungwa kuwa chini sana kuliko lilivyo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima magari yaliyoegeshwa juani siku ambazo hewa ya nje ilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi. Ndani, joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko, asilimia 80, ilitokea ndani ya nusu saa ya mwanzo. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Utafiti ule ulifanywa kwa kuhofia watoto wanaoachwa garini, lakini jani nalo halina pa kukimbilia. Siku aliyosafiri wifi yangu ilikuwa ya joto la kawaida, tuseme nyuzi 28. Ongeza 22 unapata 50, na hiyo ni hewa tu. Jani linalopigwa na jua kupitia kioo huwa na joto zaidi ya hewa inayolizunguka. Seli za majani ya mimea mingi huanza kuharibika kati ya nyuzi 45 na 50, na haziponi kwa kumwagiliwa.

Ushahidi ulionishawishi kabisa ni mahali kila chungu kilipokaa. Saintpaulia tatu zilizokufa zilikuwa kwenye kibao cha chini ya kioo cha nyuma. Ya nne ilikosa nafasi pale, ikawekwa sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, na nilipofika ilikuwa inachanua kana kwamba haikuhama. Kangaga iliyoungua ilikaa kwenye kiti, ubavuni mwa dirisha, na iliungua upande wa dirisha tu. Mwenzake ilikuwa sakafuni chini ya shuka, ikafika mbichi. Mimea ileile, gari lilelile, barabara ileile, mashimo yaleyale. Kilichotofautiana ni kioo.

Saintpaulia kwao ni misitu ya milima ya Usambara na maeneo ya jirani, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Kuiweka chini ya kioo cha nyuma saa nane mchana ni sawa na kuioka.

Hapa kuna mtu ataniuliza kuhusu mimea inayoishi ndani ya chupa zilizofungwa. Ni swali zuri. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aligundua mwaka 1829 kwamba kangaga na nyasi zilikuwa zimeota ndani ya chupa aliyoifunga, bila kumwagiliwa. Mwaka 1833 akatuma makasha mawili ya kioo yenye mimea kwa meli hadi Sydney, na baada ya miezi baharini mimea ikafika hai. Kabla ya hapo mingi ilikuwa ikifa njiani kwa chumvi na kiu. Lakini kasha la Ward lilisaidia kwa sababu lilitunza unyevu na kuzuia upepo wa chumvi. Ukiweka chupa hiyohiyo juani dirishani, mimea yake itaiva vilevile. Gari la wifi yangu lilikuwa kasha la kioo pia, ila lilisimama vibaya.

Na sasa jambo lililomuuma zaidi nilipomwambia. Ule mwendo wa sitini, aliojivunia, ulimpeleka kwenye jua kali. Angeondoka saa kumi na mbili asubuhi na kuendesha themanini, angefika kabla ya saa tatu, wakati kivuli bado ni kirefu na hakuna haja ya kula barabarani. Mtikisiko wa barabara nzuri hauui mmea. Mashina yameumbwa kuyumba. Alilinda mimea dhidi ya barabara, akaisahau ilipoegeshwa.

Maji ya asubuhi

Kumwagilia siku ya safari ni kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya kwa upendo. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina ujanja. Mbenjamini tulipoupima baadaye ukiwa na unyevu wa kawaida ulikuwa kilo 14, na baada ya kumwagiliwa vizuri ukawa kilo 19. Kilo tano za ziada zikisukumwa na breki zinakwenda mahali. Maji pia yalichuruzika chini ya zulia la gari, na wiki nzima lilinuka ukungu.

Zaidi ya uzito kuna mizizi. Mizizi inapumua. Ikiwa kwenye udongo ulioshiba maji na joto likapanda, inahitaji oksijeni zaidi wakati ambapo maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Chungu cheusi cha plastiki juani ni sufuria.

Usikimbilie ncha ya pili pia. Udongo uliokauka kabisa huachana na kuta za chungu, na kila tuta bonge zima la mizizi hurukaruka ndani kama mbegu kwenye kibuyu, vinyweleo vya mizizi vikikatika. Mimi humwagilia siku mbili kabla, mchana nikaacha maji yatoke, na siku ya safari udongo uwe unyevu ukiugusa kwa kidole lakini hauachi tope. Kakati na mishubiri siimwagilii kabisa wiki ya mwisho.

Breki

Kuna tukio moja tu barabarani. Gari la mbele lilisimama ghafla na wifi yangu akakanyaga breki kwa nguvu. Vitu viwili vikatokea kwa pamoja.

Mbenjamini ulikuwa umelazwa, chungu kikiwa kwenye kiti cha nyuma na kichwa kikielekea mbele juu ya kiti cha abiria kilicholazwa, ncha ikigusa dashibodi. Breki ziliposhika, chungu kizito kikasukuma shina zima mbele, ncha ikakunjana kwenye dashibodi ikavunjika. Wenye bustani za miche hupakia miti kinyume chake: chungu mbele, kichwa nyuma. Kwenye gari dogo maana yake ni chungu kusimama sakafuni mbele ya kiti cha abiria, kimebanwa kwa taulo pande zote, shina likiegemea kiti kilicholazwa, matawi yamevutwa juu taratibu na kufungwa kwa shuka au kamba laini. Ukikanyaga breki, uzito tayari umefika mwisho wa safari yake. Majani hayana la kugonga.

Kama ni pikapu, mpango huohuo una sababu ya pili, yaani upepo kupita kwenye majani kwa uelekeo yanakolalia. Jirani yake alikuwa amejitolea pikapu, na ninashukuru alikataa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mmea ulio wazi unapigwa na upepo ambao mabaharia, kwa kipimo cha Beaufort, huuhesabu daraja la 9, upepo wa dhoruba. Jani la monstera litachanika, na lisipochanika litakauka, kwa kuwa upepo unanyonya maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Kwenye pikapu mmea unavikwa turubai au shuka nzito au unabaki nyumbani.

Kitu cha pili ni sansevieria. Ilikuwa ndani ya chungu cha udongo wa kuchoma, jumla kama kilo sita, imesimama katikati ya kiti cha nyuma bila kufungwa. Ikaruka kati ya viti viwili vya mbele, ikapasukia kwenye gia. Mmea haukudhurika hata kidogo, sansevieria ni ngumu kama deni. Lakini nilimfanyia wifi yangu hesabu pale mezani. Kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14 kwa sekunde. Gari likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, nguvu inayovirusha vitu mbele inafika kama mara 20 ya uzito wake. Chungu cha kilo sita kinakuja shingoni kwako kama mzigo wa kilo 120. Kwa hilo siwezi kuwa na utani: chungu chochote kilicho juu ya kiti kifungwe mkanda, au kiwe ndani ya boksi lililobanwa. Hata hivyo, kwa maoni yangu mahali bora kuliko pote garini ni sakafu nyuma ya viti vya mbele. Ni chini, ni kivuli, kiti kinakibana chungu, na kiyoyozi hakikipulizii moja kwa moja. Saintpaulia ya nne ni shahidi wangu.

Buti nalo ni zuri kuliko watu wanavyofikiri. Watu huliogopa kwa giza, lakini saa chache za giza hazina madhara, mimea inalala gizani kila usiku. Buti lisilo na kioo halipigwi na jua moja kwa moja. Mishubiri, zamiokulkasi na sansevieria nne zilizosafiri humo zilifika bila jeraha.

Vyungu vya kuchoma na vya kauri nashauri vibadilishwe mapema, wiki mbili au tatu kabla, mmea uingie kwenye plastiki nyepesi na upate muda wa kutulia. Kama umekaa ndani ya chungu cha plastiki kilichotiwa ndani ya chungu cha urembo, vitenganishe tu, vya urembo vifungwe na vyombo. Monstera ilipoteza majani yake mawili kwa sababu ndogo kabisa: mlango ulifungwa juu ya vikonyo. Mizunguko miwili ya kitambaa ingetosha.

Mnyaa

Hili nalitenga kwa kuwa halikumdhuru mmea, lilimdhuru mtu. Tawi moja la mnyaa lilikatika wakati wa kupakia. Wifi yangu alilitoa kwa mkono, akafuta jasho usoni, na baada ya dakika chache jicho likaanza kuwaka. Utomvu mweupe wa mnyaa, na wa jamaa zake wote wa euforbia, unaunguza ngozi na unaweza kuumiza jicho vibaya. Kwa bahati bomba lilikuwa karibu, akaliosha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha akaenda kuonwa na daktari kesho yake. Fikiria hilo lingetokea akiwa kwenye usukani. Mimea ya utomvu mimi huivika gazeti mzunguko mzima, huishika kwa glavu, na huipeleka kwenye buti, kamwe haikai chumba kimoja na dereva. Ukikatika, huo mkono hauendi usoni mpaka umeoshwa kwa sabuni.

Kufika

Nyumba mpya iliua kakati mbili, na iliziua taratibu. Zilikuwa zimemwagiliwa asubuhi ya safari. Siku ya pili zikang'olewa, mizizi ikakatika hapa na pale kama inavyokatika siku zote, zikatiwa kwenye vyungu vikubwa vyenye udongo mpya uliolowa. Mzizi uliojeruhiwa ndani ya udongo uliolowa ni mlango wazi wa kuoza. Kwa nje zilibaki kijani na imara. Wiki ya tatu wifi yangu aligusa moja kwa kidole ikainama, chini ikiwa uji. Ndiyo maana nikasema ni waongo.

Mmea uliosafiri uachwe na chungu chake kwa wiki tatu au nne. Hakuna mbolea, hakuna udongo mpya, hakuna kupogoa zaidi ya kuondoa kilichovunjika. Na usianikwe barazani juani kwa kuwa tu "umekaa gizani siku nzima". Uanzie kivuli chenye mwanga, kisha usogezwe polepole kwenye mwanga uliouzoea. Okidi ziliacha machipukizi yote ya maua, na hapo sikuwa na mshtakiwa mmoja: joto lilikuwepo, na kwenye sakafu ileile ya abiria kulikuwa na kikapu cha matunda mabivu. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na ethilini kwenye chumba kidogo kilichofungwa huangusha maua. Okidi zenyewe ziko hai.

Mbenjamini nao ulishahukumiwa. Siku ya tisa ulikuwa umebaki na majani machache, na wifi yangu alikuwa ameutoa nje karibu na pipa la taka. Nikamzuia kwa simu. "Kwaruza gome kwa ukucha, uniambie rangi." Ilikuwa kijani. Mbenjamini hudondosha majani kila unapobadilishiwa mwanga, hata ukihamishwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Ni tabia yake ya kujipanga upya. Akaurudisha ndani, karibu na dirisha, akapunguza maji kwa kuwa mti usio na majani haunywi. Wiki ya sita vikatoka vichomozo.

Hesabu ya mwisho: sita walikufa kati ya 27. Saintpaulia tatu na kangaga moja kwa kuegesha, kakati mbili kwa maji na kuhamishwa vyungu. Breki na mlango vilivunja, havikuua.

Safari yake haikuvuka mpaka wa nchi, na nilifurahi, maana huko mambo ni mengine. Tangu mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea wa mwaka 1951, nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kabla ya chungu kuingia, na michungwa na jamaa zake mara nyingi huwekewa masharti makali zaidi. Anayehama nchi aanze kuuliza miezi kabla, si siku ya kupakia. Na kwenye majira ya baridi kali, sheria zangu za kuegesha zinageuka: mimea ya joto huumia ikiachwa kwenye gari lililopoa chini ya nyuzi 10, basi gari lipashwe kwanza, mimea ivikwe magazeti, na isilale garini usiku.

Vyungu tisa

Baada ya wiki saba alikuja kuchukua vile tisa. Safari hii tulipakia wote wawili. Maji yalikuwa ya siku mbili nyuma. Tulikagua chini ya kila jani na chini ya kila chungu, tukakuta sisimizi kwenye kimoja, tukakiacha kikajisafishe. Hivyo vikawa vinane. Hakuna kilichokaa kwenye kibao cha nyuma isipokuwa kipimajoto changu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na kufika saa mbili. Kipimajoto hakikuvuka 26 njia nzima, kiyoyozi kikiwa kimeelekezwa chini.

Tulipomaliza kushusha nikamwomba aliache gari tupu palepale juani, vioo wazi kidogo kama siku ile. Tukanywa chai. Baada ya nusu saa tukarudi kusoma: 49. Wifi yangu alikiangalia kile kipimajoto muda mrefu, akafunga mlango bila kusema neno.

Hasara ya safari ya pili ilikuwa jani moja la begonia, na nililivunja mimi.

Kulikuwa na abiria wa ziada. Siku ile ya kwanza nilipokuta saintpaulia tatu zimelala, moja ilikuwa na majani mawili katikati ambayo bado yalikuwa magumu. Niliyakata na vikonyo vyake, nikayachomeka kwenye kikombe cha udongo mwepesi nikarudi nayo kwangu kwenye basi, kikombe mapajani. Saintpaulia huota kwa jani. Wiki ya saba, kwenye shina la moja wapo, vilichungulia vijani viwili vidogo kama kucha ya mtoto. Kikombe hicho kilirudi kwake sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, na njia nzima wifi yangu alikataa kusimama hata tulipobanwa na haja.